Nani Atacheza Umati?

Ukiwapa wanafunzi tamthiliya ya Juliasi Kaizari waigize, wa kwanza kugombaniwa ni Antony. Hilo halina mjadala, Antony ndiye mwenye hotuba. Brutus naye hakosi wateja, maana ana heshima zake na anakufa vizuri. Kaizari mwenyewe anapendwa na wavivu: anauawa katikati ya mchezo, analala chini amefunikwa shuka, kisha anarudi mara moja tu kama mzuka. Cassius ana watu wake, wale wenye maneno mengi wanaokaa nyuma ya darasa. Kazi inakuja unapouliza: haya, nani atacheza umati? Hapo mikono yote inashuka.

Niliona hivyo katika shule moja ya sekondari wilayani Ngara, ambako rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu anafundisha Kiswahili. Mimi ni mzaliwa wa Biharamulo na ninaishi kwa kuandika habari, leo gazeti hili, kesho redio ile. Akanipigia simu jioni moja.

"Mwanahabari, tuna mchezo lakini hatuna watazamaji. Wanafunzi wangu hawajui kutangaza. Njoo uwafundishe."

Nikamuuliza mchezo gani. Aliponiambia nikacheka, kwa sababu nilitegemea kusikia Orodha, au Kilio Chetu, au Ngoswe, vitabu ambavyo wengi tuliopita kidato cha nne nchi hii tumevitolea jasho. Juliasi Kaizari haimo kwenye mtihani wao. Yaani hawa watoto walikuwa wanakariri kurasa na kurasa za kitu ambacho Baraza la Mitihani halitawauliza hata swali moja. Hilo tu lilitosha kunipandisha gari.

Kutoka Biharamulo mjini unashika barabara hadi Lusahunga, unapita Nyakahura, unafika Benaco, ndipo unakata kwenda Ngara mjini. Nilipokuwa mdogo msitu wa njia hii ulikuwa habari nyingine. Mabasi yalipita kwa kusindikizwa na askari wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Siku hizi unabanana kwenye mchomoko, watu wanne kiti cha nyuma, na kinachotisha ni semitrela za kwenda Rwanda na Burundi zinavyowapita. Benaco leo ni njiapanda ya malori, gesti na nyama choma. Jina lenyewe lilitokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Lakini dunia ililisikia kwa sababu tofauti kabisa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa kama 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, na wengi wao wakaishia hapo Benaco. Usiku mmoja, na wilaya ikawa na mji mkubwa usio na bomba wala choo.

Ninayasema haya mapema, msomaji, kwa sababu bila hayo hutaelewa kwa nini tangazo la mchezo wa shule lilikaribia kuvunja gulio.

Mazoezi yalifanyika bwaloni Jumamosi mchana, maharage ya wali wa jioni yakiwa yanachemka jikoni upande wa pili wa ukuta. Warumi wa Ngara walivaa mashuka ya bweni, mengine yana maua, juu ya sweta za shule, maana kule juu kuna baridi na hakuna Mrumi aliyekuwa tayari kuugua kwa ajili ya sanaa. Majambia yalikuwa ya mbao. Kuhusu damu walikuwa wamegawanyika makundi mawili, kundi la juisi ya rozela na kundi la rangi ya maji, na mgogoro huo ulikuwa mkali kuliko wa Brutus na Cassius.

Kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu, kimeshonwa mgongoni kwa uzi wa viatu. Kila mwanafunzi alikuwa amenakili sehemu yake kwa mkono kwenye daftari, pamoja na maneno machache ya yule anayemtangulia, ili ajue zamu yake ikifika. Nikawaambia kwamba ndivyo walivyofanya hata waigizaji wa Shakespeare mwenyewe, kila mtu akipewa karatasi ya maneno yake tu. Nikawaambia pia kwamba msafiri mmoja wa Uswisi, Thomas Platter, aliutazama mchezo wa Kaizari London tarehe 21 Septemba 1599, katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, na akaandika kwamba waigizaji walikuwa kama 15. Wao walikuwa 17, na bwalo lao lina bati. Wakajiona wako mbele.

Waliponizoea wakaanza maswali. Kijana mdogo wa kidato cha kwanza, ambaye nitamrudia, akauliza: "Samahani dada, hivi Mwalimu alipata wapi muda wa kufanya kazi hii? Si alikuwa rais?"

Ni swali zuri, na watu wazima hatuliulizi. Tafsiri ya kwanza ya Nyerere ilitoka mwaka 1963, nchi ikiwa na miaka miwili tangu uhuru. Kisha hakuridhika nayo, akairekebisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa na Mabepari wa Venisi. Ona alivyochagua neno hapo: kichwa cha Kiingereza kinazungumzia mfanyabiashara, yeye akasema mabepari, na miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha. Hakuwa peke yake. S. S. Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Wakati ule swali la kama Kiswahili kinaweza kubeba mambo mazito lilikuwa swali la kweli, lenye watu waliolijibu kwa dharau. Hawa wakalijibu kwa kufanya.

Kule Kenya, shule ya Alliance ilikuwa na desturi ya kuigiza mchezo wa Shakespeare kila mwaka, kwa Kiingereza, na Ngũgĩ wa Thiong'o aliyesoma pale ameandika kuhusu miaka hiyo. Huko kumwigiza Shakespeare kulikuwa sehemu ya kufundishwa kuwa mtu wa namna fulani, mtu wa kizungu kidogo. Nilipowaeleza wanafunzi, yule aliyecheza Cassius akasema, "Sisi hata tukikosea hamna wa kutucheka. Ni Kiswahili." Halafu akafikiri kidogo akaongeza, "Ila Kiswahili chenyewe cha humu kigumu, dada." Ni kweli. Nyerere aliandika masivina, mistari iliyopimwa bila vina, na yapo maneno humo ambayo hata mimi niliyemaliza chuo nilihitaji kamusi. Lakini ukiyatamka kwa sauti, taratibu, yanakaa mdomoni. Mwalimu wao aliwakataza kueleza mstari wowote kabla hawajausema mara kumi.

Kuhusu rais kutafsiri mchezo wa kumuua kiongozi, sikuwaambia alikuwa anawaza nini, maana hilo alilijua mwenyewe. Niliandika tarehe tu ubaoni. 13 Oktoba 1961: Mwanamfalme Louis Rwagasore wa Burundi, rafiki wa harakati zetu, anapigwa risasi Bujumbura. 1963: kitabu kinatoka. 20 Januari 1964: askari wa Tanganyika wanaasi. 7 Aprili 1972: Karume anauawa Unguja. 21 Oktoba 1993: Rais Ndadaye wa Burundi anauawa na wanajeshi. 6 Aprili 1994: ndege yenye Rais Habyarimana wa Rwanda na Rais Ntaryamira wa Burundi inatunguliwa Kigali. Marais watatu wa majirani zetu wawili, chini ya miezi sita. Kutoka dirisha la bwalo lile unaona milima, na milima ya nyuma yake ni Burundi.

Chini nikaongeza mistari miwili. Nyerere alitumia miaka yake ya mwisho kusuluhisha mgogoro wa Burundi, hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Aliyeipokea kazi hiyo ni Nelson Mandela, ambaye akiwa mfungwa Robben Island mwaka 1977 alitia saini yake kwenye kitabu cha Shakespeare cha mfungwa mwenzake, kando ya mistari ya mchezo huuhuu. Makubaliano ya Arusha yalisainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Wanafunzi walinakili tarehe zote, nadhani kwa mazoea tu, maana mtu mzima akiandika ubaoni wewe unanakili.

Basi, turudi kwenye umati.

Mwalimu alilimaliza tatizo kwa amri. Kila ambaye hayumo kwenye onyesho ni umati, na umati hautakaa jukwaani, utakaa katikati ya watazamaji. Akamteua kiongozi wao, binti wa kidato cha tatu, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bondeni. Alikuwa ametaka kuwa Antony akakosa, na nafikiri mwalimu alimpa cheo hicho kumpoza. Wenzake wakamwita Mkuu wa Umati. Siku ya kwanza lilikuwa jina la kejeli. Baada ya wiki mbili hakuna aliyecheka, kwa sababu binti huyu ndiye aliyeleta swali lililosimamisha mazoezi.

Walikuwa kwenye mazishi ya Kaizari. Brutus ameshaongea, amewaeleza kwa nini walimuua, na umati umemshangilia, hata wengine wanataka yeye ndiye awe Kaizari mpya. Kisha anapanda Antony. Hotuba haijaisha na umati uleule unataka kumchoma Brutus na nyumba yake.

"Mwalimu," binti akasema, "mimi hapa sielewi. Dakika tano zilizopita tulikuwa na Brutus. Tunabadilika kwa sababu gani?"

"Kwa sababu Antony anajua kuongea," akasema aliyecheza Antony, kwa kujiamini.

"Hapana. Wewe unaongea, lakini sisi ndio tunabadilika. Nataka kujua nibadilike kwenye neno gani."

Wakakaa chini wote kwenye sakafu ya bwalo, wakaanza kulitafuta neno. Wengine walisema ni pale Antony anapolia. Wengine, pale anaporudiarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima mpaka heshima yenyewe inageuka tusi. Mmoja akasema ni wosia: Kaizari ameacha drakma 75 kwa kila raia. "Drakma 75 ni shilingi ngapi?" akauliza mtu. Hakuna aliyejua. "Weka kofia na fulana," akasema Cassius, na bwalo zima likaangua kicheko, maana hakuna asiyejua nini hugawiwa mikutano ya uchaguzi ikifika. Lakini binti hakucheka. Akasema wosia hauwezi kuwa sababu, kwa kuwa Antony anautaja mapema halafu anakataa kuusoma. Anauonyesha, anaurudisha. Anawaambia wasiombe kuusikia, kwa sababu wakisikia watakasirika mno. Ndiyo kwanza wanauomba. Wanamlazimisha.

"Kwa hiyo yeye hakutubadilisha," akasema polepole. "Alitupangia tu kipi kitangulie kipi kifuate. Tuliobadilika ni sisi."

Nimehudhuria mikutano mingi ya hadhara nikiwa na kalamu mkononi, na sijawahi kuiandika habari ya mkutano vizuri kama alivyoisema yule binti.

Sasa matangazo. Mkuu wa Umati ndiye aliyepewa na kazi hiyo pia, kwa sababu ya sauti. Mchezo ungekuwa Jumamosi saa nane mchana, kiingilio shilingi 500 kwa mtu mzima na 200 kwa mtoto, fedha za nauli ya kupeleka mchezo Biharamulo wiki itakayofuata. Walikuwa wamechora mabango kwenye maboksi ya sabuni, na tangazo la kusoma kwa kipaza sauti cha mkononi. Lilikuwa hivi, nimelinakili kama lilivyokuwa:

"Kiongozi ameuawa! Ameuawa mchana kweupe na marafiki zake mwenyewe! Wananchi wamejaa hasira! Je, nini kitafuata? Njooni Jumamosi saa nane mchana bwaloni, mjionee igizo la Juliasi Kaizari."

Kama tangazo, halina ubaya wowote ukilisoma kwenye karatasi. Lina mshtuko, lina swali, lina saa na mahali. Mwalimu alilipenda. Siku ya gulio wakashuka nalo, wanafunzi wanne, mimi nikawafuata kwa nyuma kuona watu watalipokeaje. Gulio la Ngara ni mchanganyiko: Kiswahili, Kihangaza, Kishubi, na wavukaji wa mpaka wanaoelewana na Wahangaza bila mkalimani, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu. Ndizi, maharage, vitenge, dagaa waliotoka ziwani, mbuzi wawili watatu.

Binti akapanda juu ya kreti la soda, akawasha kipaza sauti. "Kiongozi ameuawa!"

Kipaza sauti kikakwama. Vile vifaa mnavijua, betri ikilegea kinakoroma kidogo halafu kinanyamaza. Akakipiga kwa kiganja. Kikaamka: "...mchana kweupe..." kikanyamaza tena.

Sikuona mtu akikimbia wala kupiga kelele. Kilichonishtua kilikuwa kidogo zaidi. Kijana wa bodaboda aliyekuwa karibu nami akageuka akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Wa upande gani?" Na mama mmoja muuza ndizi, mtu mzima, bila kuuliza chochote, akaanza kufunga mzigo wake. Hakuwa na papara. Alikunja kitenge, akaweka hela kifuani, akamwita mtoto aliyekuwa anacheza jirani, akamshika mkono. Mikono yake ilijua la kufanya. Jirani yake akamwona, naye akaanza.

Mwalimu akapokonya kipaza sauti, akapaaza kwa sauti yake mwenyewe: "Ni igizo jamani! Ni watoto wa shule! Ni mchezo wa kuigiza!" Watu wakacheka, wengine wakatukana kidogo, mama akafungua mzigo. Kijana wa bodaboda akamwambia binti, kwa upole, "Mdogo wangu, hapa kwetu neno hilo usilitangulize."

Njiani kurudi shuleni hakuna aliyeongea. Tulipofika nikawaeleza ninachokijua kwa kazi yangu. Kwamba mwaka 1994, ng'ambo ya mto, ilikuwepo redio, RTLM, iliyotaja watu kwa majina na mahali walipo ili wafuatwe wauawe. Na kwamba mwaka uliofuata, 1995, hapa Ngara likaanza shirika dogo la redio lililoanzishwa na Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi, Radio Kwizera, na kwizera ni kutumaini. Mitambo haina tofauti kubwa: kuna kipaza sauti, kuna mlingoti, kuna mtu anayeamua neno lipi litangulie.

Binti akachukua kalamu, akaligeuza tangazo. Hakuondoa hata neno moja la mshtuko. Alichofanya ni kulitoa neno "igizo" mwisho na kulipeleka mwanzo. "Igizo! Igizo! Wanafunzi wenu wanawaletea igizo la Juliasi Kaizari..." Halafu ndipo kiongozi akauawa. Akanisomea, akaniuliza kama redio zinaweza kulisoma hivyo. Nikamwambia zinaweza. Akasema, "Lakini sasa haliogopeshi, dada. Si watakuja wachache?" Nikamwambia inawezekana. Akalitazama tena, akaliacha lilivyo.

Likabaki jambo la mwisho, nalo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Baada ya hotuba ya Antony kuna onyesho fupi sana, ambalo wengi hulisahau. Mtu mmoja anatembea barabarani. Jina lake Cinna, naye ni mshairi. Mmoja wa wala njama waliomuua Kaizari naye anaitwa Cinna. Umati unamkuta, unamzunguka, unamuuliza jina lake, anakwenda wapi, anaishi wapi, ana mke au hana. Anajibu yote. Anapotaja jina, anajieleza kwamba yeye ni Cinna mwingine, mshairi tu. Haisaidii. Wanamrarua kwa sababu ya mashairi yake mabaya, na kwa sababu ya jina.

Mwalimu alitaka kulikata. Uongozi wa shule ulikuwa umemdokeza kwamba wazazi watakuwepo, na kwamba mambo mengine si lazima. Alinieleza pembeni. Mnamo Septemba 2013 Operesheni Kimbunga ya kuondoa wahamiaji haramu ilipita mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu ya watu waliondoka au waliondolewa, wakiwemo walioishi hapa miaka mingi. Unatoka wapi, unaishi wapi, jina la baba yako nani: maswali hayo watu wa huku wameshayajibu barabarani. Kuna majina hapa ambayo ni ya pande zote mbili za mto, na kuna watoto darasani mwake wenye majina hayo. "Sitaki mtoto asimame mbele ya kijiji azungukwe aulizwe jina," akasema.

Aliyepewa nafasi ya Cinna alikuwa yule mdogo wa kidato cha kwanza, aliyeuliza kuhusu muda wa Mwalimu. Naye ana jina la namna hiyo. Mwalimu alipowatangazia kwamba onyesho limeondolewa, yeye ndiye aliyesimama.

"Samahani Mwalimu. Tukiliondoa, watu wataenda nyumbani wanasema Antony ni mjanja. Watampenda. Hawataona alichokifanya."

Mwalimu akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemfundisha. Wallahi sikumfundisha. Wakajadiliana hadi kengele ya chakula. Mwisho wakakubaliana hivi: onyesho litabaki, lakini hakuna atakayemgusa Cinna. Umati utauliza maswali ukiwa umekaa, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeuliza nauli. Kisha Mkuu wa Umati atasimama, atachukua daftari la mashairi kutoka mikononi mwake, na kulichana.

Jumamosi ile bwalo lilijaa nusu na zaidi kidogo. Kaizari alikufa kwa rozela, kundi lao lilishinda. Antony alisahau mstari mmoja akaurudia mwingine mara mbili, na hakuna aliyejua. Umati ulipoanza kupiga kelele kutoka katikati ya viti, watazamaji waligeuka kuwatafuta, na baada ya muda mfupi hukuweza kusema nani mwigizaji nani mzazi, kwa sababu wazazi nao walikuwa wanaudai wosia. "Usome! Usome!" Mzee mmoja mbele yangu alisimama kabisa.

Kisha akaja yule mdogo peke yake, na daftari lake. Wakaanza kumuuliza. Bwalo likanyamaza. Alijibu vizuri, kwa adabu, kama mtoto anavyojibu wakubwa. Alipotaja jina, yule mama wa ndizi, ambaye sikuwa hata nimemwona akiingia, akasema kwa sauti kutoka kwenye kiti chake: "Mwacheni! Siye huyo. Amesema siye."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa Umati alikuwa ameshasimama, mkono umeshafika kwenye daftari. Akasita. Akamtazama mwalimu, mwalimu akatazama kitabu chake. Zilipita labda sekunde tano, na kwenye jukwaa sekunde tano ni ndefu. Kisha akalichana daftari, karatasi moja baada ya nyingine, taratibu, na mchezo ukaendelea hadi Brutus alipoangukia upanga wake.

Jioni, wakiwa wanahesabu shilingi zao juu ya meza za bwalo, ugomvi ukazuka. Cinna mwenyewe alisema ilibidi wachane, ndivyo ilivyoandikwa, na Warumi hawakumwacha mtu. Antony, wa ajabu, alikuwa upande wa kuacha: ukiona mtu kutoka umatini anasema mwacheni, basi mchezo umeshabadilika, huwezi kujifanya hujamsikia. Mwalimu akasema Shakespeare ni Shakespeare. Mkuu wa Umati alikaa kimya akipanga sarafu za mia tano. Nilipomuuliza yeye anasemaje, akaniambia kwamba pale aliposita hakuwa anaigiza. Alikuwa anasubiri mtu wa pili aseme.

"Angekuwepo wa pili, dada, ningeacha. Mmoja peke yake nilimsikia, lakini mkono ulikuwa umeshafika."

Nauli ilitosha, na baki ya kununulia betri mpya za kipaza sauti. Wanakuja Biharamulo Jumamosi ijayo, saa nane mchana. Tangazo ninalo mkononi, neno "igizo" likiwa la kwanza, nitalipeleka redioni kesho asubuhi. Kama utakuwa jirani, kiingilio ni kilekile. Kuhusu onyesho la Cinna bado hawajaamua, na binti amewaambia wenzake hakuna haja ya kuamua sasa. Wataona siku hiyo ni nani atakayesema, na kama atakuwepo wa pili.